Kazi Inapokuwa Adimu: Somo Kutoka Soko la Owino



Katika mazungumzo yetu ya leo twawaalika mfuatane nasi hadi Soko la Owino, lililo kando ya uwanja wa Nakivubo, hatua chache tu kutoka kituo cha zamani cha teksi mjini Kampala. Jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, kwa ukumbusho wa Joseph Mukasa Balikuddembe, shahidi wa dini aliyeuawa mwaka 1885. Lakini ukimwambia dereva akupeleke Balikuddembe huenda akakuuliza ni wapi. Ukimwambia Owino, atatia gari moto mara moja.

Alfajiri, kabla ya jua kuchomoza, marobota ya mitumba, au mivumba kama wasemavyo wenyeji, huwa yamekwisha kufunguliwa. Huyu huchagua mashati, yule huchagua suruali. Mafundi huketi nyuma ya vyerehani vyao wakipunguza viuno na kukunja pindo. Vijana hupita wakiwa wamejitwika mizigo, wakipaza sauti wapewe njia. Akina mama huinua majani ya migomba juu ya masufuria ya matoke yatakayowalisha wote hao. Wenye kulifahamu soko hilo husema kwamba watu wapatao elfu hamsini hupata riziki yao humo.

Ukiwauliza watu hao walifanya nini kabla ya kuja hapo, utasikia mambo ya ajabu. Huyu alikuwa karani wa wizara. Huyu alikuwa mwalimu. Yule alikuwa fundi wa kiwanda kilichofungwa. Na wengine, ndugu zetu askari, walivaa sare kama mlizovaa ninyi. Basi swali letu la leo ni hili: uchumi wa nchi unapoanguka na kazi zikapungua, mtu huenda wapi? Na serikali iliyo makini yapasa itende nini kabla mtu huyo hajaanguka, na hali inapoanza kuwa njema?

Hivi karibuni tuliketi sokoni humo na mzee mmoja auzaye suruali. Majirani zake humwita Afande mpaka leo, kwani alikuwa sajini hadi alipopunguzwa jeshini mwaka 1993. Tulimwuliza alivyoanza maisha ya uraia. Akajibu, "Mwanangu, nilipewa fedha na mabati. Mabati ni kitu kizuri. Lakini mabati hukaa juu ya nyumba, na nyumba hukaa juu ya ardhi. Mimi sikuwa na ardhi." Akayauza mabati yale, akaja Owino kubeba mizigo ya watu. Katika siku hizo wenzake wawili wa zamani walimjia usiku na shauri baya la kuvizia magari barabarani. Alikataa. Tulipomwuliza ni kitu gani kilichomzuia, hakututajia sheria wala gereza. Alisema, "Asubuhi nilikuwa na mzigo wa kubeba."

Ndugu wasikilizaji, maneno hayo machache yana elimu kubwa. Ili tuyaelewe, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Soko la Owino lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na likakua katika miaka ya dhiki. Mwaka 1972 utawala wa Idi Amin uliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Maduka na viwanda vikagawiwa watu ambao wengi wao hawakuwa na ujuzi wa kuviendesha. Bidhaa zikaadimika, bei zikapaa, na mshahara wa mwezi mzima ukawa hautoshi kumlisha mtu na watoto wake. Hapo ndipo karani alipoanza kuiacha meza yake saa sita mchana kwenda kutafuta sukari ya kuuza, na neno magendo likaingia katika kila kinywa. Utawala ule ulijaribu kuponya maradhi hayo kwa bunduki. Mwaka 1975 ilitangazwa amri ya kuunda mahakama ya kijeshi ya makosa ya uchumi, ambayo ingeweza kumhukumu mlanguzi kifo. Je, sukari ilirudi madukani? Haikurudi. Bunduki yaweza kumtisha mtu auzaye sukari, lakini haiwezi kuitengeneza.

Miaka iliyofuata ilileta jaribio la namna nyingine. Mwezi wa Mei 1987 serikali mpya ilianzisha mpango wa kufufua uchumi. Sifuri mbili zikaondolewa katika fedha, na nchi ikaanza safari ndefu ya kupunguza matumizi. Mwaka 1990 watumishi wa serikali walikuwa takriban 320,000. Wizara zikapunguzwa kutoka 38 hadi 21, wafanyakazi hewa waliokuwa majina matupu katika karatasi wakafutwa, na wengi waliokuwa watu wa kweli wakapewa barua za kuondoka. Kufikia katikati ya muongo ule idadi yao ilikuwa imepungua kwa karibu nusu.

Kisha ikaja zamu ya jeshi. Baina ya mwaka 1992 na 1995, maaskari zaidi ya 36,000 walirudishwa uraiani kwa awamu tatu. Ilikuwa kazi kubwa, na yastahili kusemwa kwamba haikufanywa ovyo. Iliundwa bodi maalumu ya kuwahudumia. Kila askari alipewa fedha kwa mafungu, vifaa vya kuanzia maisha, na usafiri wa kumfikisha wilayani kwake. Watu wengi waliogopa kwamba maelfu ya vijana wajuao kutumia silaha wangejaza barabara kwa ujambazi. Hofu hiyo haikutimia kwa jumla. Lakini Paul Collier, mtaalamu wa uchumi aliyelichunguza jambo hilo na kuandika juu yake mwaka 1994, aliona tofauti moja kubwa. Aliyerudi nyumbani akakuta shamba, alitulia. Aliyerudi akakosa ardhi, ndiye aliyekuwa katika hatari kubwa mno ya kutumbukia katika uhalifu.

Wasikilizaji wetu wa polisi watazame jambo hilo kwa makini. Wote walitoka katika jeshi moja, wakafunzwa nidhamu moja, wakapewa malipo ya namna moja. Kilichowatenga ni kama palikuwa na kitu cha kufanya asubuhi inayofuata. Huyu alikuwa na shamba la kulima, na sajini wetu wa Owino alikuwa na mzigo wa kubeba. Wahenga walisema kwamba mwenye njaa hana miiko. Basi sera ya kazi haihusu wizara zenye meza na faili peke yake. Ni sehemu ya ulinzi wa nchi.

Kuna watu watakaosema kwamba wasio na kazi mjini ni wavivu, wakusanywe tu wapelekwe mashambani. Njia hiyo nayo imekwisha kujaribiwa na jirani zetu, nasi twaweza kujifunza bila ya kulipa gharama yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa katika shida kubwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, vita vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekula akiba, na mafuta yalikuwa ghali. Mwaka 1983 ikapitishwa sheria iliyojulikana kwa jina la Nguvu Kazi. Polisi na mgambo wakatumwa katika mitaa ya Dar es Salaam kuwakamata waliohesabiwa kuwa wazururaji, na wengi wakasafirishwa vijijini. Lakini vijijini hawakuandaliwa mashamba ya kutosha wala zana, na kabla ya muda mrefu kupita wengi walikwisha kurudi mjini. Baadaye jina lilelile la Nguvu Kazi likaandikwa juu ya leseni waliyopewa wafanyabiashara wadogo ili waendeshe shughuli zao kwa halali. Wenzetu waligundua kwamba yule waliyemwita mzururaji alikuwa na kazi tangu zamani, ila hakuwa na kibali.

Hata mataifa makubwa yamepitia kosa kama hilo. Baada ya anguko la uchumi la mwaka 1929, maelfu ya maaskari wa Marekani waliopigana Vita Vikuu vya Kwanza walikuwa hawana kazi. Mwaka 1932 walikwenda Washington kudai malipo waliyoahidiwa, wakapiga kambi. Mwezi wa Julai jeshi liliamriwa kuwaondoa, likatumia farasi, vifaru na moshi wa kutoa machozi dhidi ya watu waliovaa nishani za jeshi lilelile. Mwaka uliofuata Rais Franklin Roosevelt akashika njia nyingine. Vijana wasio na kazi wakaandikwa kupanda miti, kujenga barabara za misitu na kuzuia mmomonyoko wa ardhi, na maofisa wa jeshi ndio waliopewa jukumu la kuziendesha kambi zao. Katika miaka tisa, vijana wapatao milioni tatu walipitia humo. Na vita vya pili vilipokaribia kwisha, mwaka 1944, Marekani ilipitisha sheria ya kuwasomesha na kuwakopesha maaskari wanaorudi. Safari hii sheria ilitangulia, askari akafuata.

Huenda mkauliza, je, serikali itapata wapi fedha za kulipa watu wakati yenyewe ina upungufu? Swali ni la haki. Jibu lake laonekana palepale Owino. Mshahara wa askari polisi ukichelewa, hanunui shati. Muuza mashati asipouza, hali matoke kwa mama wa jikoni. Mama asipouza, hamlipi kijana anayemletea maji na mkaa. Mtu mmoja amekosa fedha, wanne wamelala njaa. Mzunguko huo ukikatika mahali pengi kwa siku moja, hakuna mfanyabiashara mmoja awezaye kuuunga peke yake, kwa kuwa kila mmoja humngojea mwenzake aanze. Serikali ndiyo pekee yenye uwezo wa kuanza. Ikiajiri watu kuzibua mifereji na kutengeneza barabara, fedha ile haiishi barabarani, hurudi sokoni. Na hali ikisha kuwa njema, yapasa kazi hizo zipungue, watu waende katika viwanda na mashamba, na serikali ijaze tena ghala lake. Mkulima hula akiba wakati wa kiangazi, akairudishia wakati wa mavuno.

Mtihani wa karibuni ulikuja mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona. Mwishoni mwa Machi masoko yaliamriwa kubaki na wauza vyakula tu, nao wakatakiwa kulala sokoni mumo humo. Akina mama walitandika mikeka baina ya mafungu ya vitunguu. Wauza nguo, ambao ndio wengi katika Owino, walikwenda nyumbani bila chochote. Serikali iligawa unga na maharage kwa watu wapatao milioni moja na nusu wa Kampala na Wakiso, kilo sita za unga na kilo tatu za maharage kwa kila mtu, na ninyi maaskari mlikuwa miongoni mwa walioifikisha milangoni. Mwaka 2021, nchi ilipofungwa tena kwa siku 42, watu wapatao laki tano walitumiwa shilingi 100,000 kila mmoja kwa njia ya simu. Kwa wenye kukodi chumba mjini fedha hizo hazikudumu, lakini zilikuwa hatua mpya.

Majirani zetu wa Kenya walijaribu jambo lingine mwaka huohuo wa 2020. Walianzisha mpango wa Kazi Mtaani, uliowaajiri vijana zaidi ya 250,000 kusafisha mitaa na kuzibua mifereji kwa ujira wa siku. Mpango ule ulikuwa na kasoro zake, na malipo kuchelewa ni mojawapo. Hata hivyo kijana alikuwa na mahali pa kwenda asubuhi.

Hatuwezi kuizungumza miezi ile bila ya kugusa jambo chungu. Katika siku za kwanza za amri zile, baadhi ya askari wa ulinzi wa mitaa waliwapiga kwa fimbo akina mama waliokuwa wakiuza matunda barabarani. Picha zikaenea nchini, na uongozi wa jeshi wenyewe ukaomba radhi hadharani. Twalikumbusha hili kwa sababu jeshi lililoomba radhi limekwisha kuonyesha kwamba linajua tofauti baina ya kusimamia amri na kumvunjia mtu kapu lake. Mama yule hakuwa adui wa afya ya taifa. Alikuwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa imefutwa kwa siku moja, na njia nyingine alikuwa hajaonyeshwa.

Uchumi ulifunguliwa kikamilifu mwezi wa Januari 2022, na ndio mwezi uleule ambao wachuuzi waliondolewa katika barabara za Kampala ili mji uwe na utaratibu. Utaratibu ni jambo jema, na hapana mji uwezao kukaa bila huo. Lakini saa ya kupona ndiyo saa ambayo mgonjwa hujikongoja. Fimbo aliyoishika huenda ikawa mbaya kwa kuitazama. Ukiinyang'anya kabla hajasimama imara, ataanguka upya.

Kanuni hiyohiyo ipo katika suala la mitumba yenyewe. Mwezi wa Agosti 2023, akizungumza Mbale, Rais Yoweri Museveni alitangaza nia ya kupiga marufuku nguo kuukuu kutoka nje ili viwanda vyetu vya nguo vistawi. Nia ya kuvaa nguo zetu wenyewe ni ya heshima. Wazee wanaikumbuka Nyanza Textile ya Jinja na maelfu ya wafanyakazi wake. Lakini mkono wa fundi wa Owino anayepunguza kiuno cha suruali kuukuu ndio huohuo utakaotakiwa kiwandani kushona suruali mpya. Ahesabiwe, afunzwe, aonyeshwe mlango wa kiwanda ukiwa wazi, ndipo robota liondoke. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Katika mambo ya kuinua hali, serikali imekwisha kuweka misingi kadha. Mpango wa Emyooga, ulioanza mwaka 2019, uliwaweka wananchi katika vikundi kwa kadiri ya kazi zao: wauzaji wa masoko, mafundi cherehani, waendesha bodaboda, na pia askari wastaafu, kila chama kikitengewa shilingi milioni 30 za kuanzia. Mwaka 2022 ukafuata mpango wa maendeleo ya parishi, wenye kutenga shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka. Mipango hiyo itahukumiwa kwa jambo moja tu: je, fedha zimefika mkononi mwa abebaye mzigo, au zimeishia kwa majina hewa? Askari polisi anayemfikisha mahakamani mla fedha za kikundi hutenda kazi ya kuajiri watu, hata kama hakuna amwitaye hivyo.

Wapenzi wasikilizaji, twaomba kuwaachia mambo matatu.

La kwanza, kupunguza watu kazini, wawe makarani au maaskari, huenda kukawa lazima. Lakini mlango wa kutokea usifunguliwe kabla ya mlango wa kuingilia kuwa tayari. Kinachompa mtu utulivu ni kazi ya kesho asubuhi, iwe shamba, ufundi au meza sokoni. Fedha peke yake huisha.

La pili, mnapopewa amri ya kusimamia utaratibu katika masoko na barabara, itekelezeni kwa nidhamu mliyofunzwa. Semeni na mtu kabla ya kumgusa. Mwonyesheni pa kwenda. Bidhaa zake zisipotee mikononi mwenu, maana kapu moja la nyanya huenda likawa ndiyo karo ya watoto watatu.

La tatu lawahusu ninyi wenyewe. Sare ni ya heshima, lakini si ya milele. Vyama vyenu vya akiba, Wazalendo kwa jeshi na Exodus kwa polisi, viliundwa ili siku ya kuivua isiwe siku ya mshangao. Wekeni akiba kidogo kidogo. Jifunzeni ufundi mkingali na nguvu. Na mwenye uwezo atafute kipande cha ardhi sasa, asingoje mabati.

Mzee wetu wa Owino bado yupo palepale. Siku tuliyomtembelea, kijana mmoja alikuja akiwa na barua ya kumaliza utumishi mfukoni, akitafuta suruali ya kiraia ya kuvalia. Mzee alimpimia kwa jicho, akamchagulia mbili. Kisha akamwuliza swali ambalo yeye mwenyewe hakuulizwa na mtu mwaka 1993: "Mwanangu, kesho asubuhi unakwenda wapi?"

Kijana alikuwa na jibu. Alisema amejifunza useremala kambini, na karakana inamngoja. Mzee akampunguzia bei.